Twiga, mikoko na ukuta unaotazama barabara

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sanaa, mwaka wangu wa tatu kazini, kwenye sekondari ya kata iliyo karibu na bahari mkoani Tanga. Ukuta wa shule unaotazama barabara umepigwa plasta, na mkuu wa shule amenikabidhi niuchore pamoja na kidato cha tatu. Wanafunzi wanataka kuchora mikoko ya hapa kijijini inavyokatwa. Mkuu anasema hiyo ni siasa. Anataka twiga, Mlima Kilimanjaro na Mmasai mwenye mkuki, kwa mtindo wa Tingatinga, kwa sababu "huo ndio utamaduni wetu." Tena baadhi ya wanafunzi hao, wazazi wao ndio wakataji. Msichana mmoja kaniuliza, "Mwalimu, kwani mchoro utazuia shoka?" Sikuwa na jibu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hilo shoka. Nitalifikia. Tuanze na twiga, maana mkuu wako amekuwekea vitu viwili kana kwamba haviwezi kukaa sahani moja: utamaduni huku, utetezi kule. Nimefundisha sanaa miaka 29, Mtwara na baadaye Dar es Salaam, na bado sijaonyeshwa mahali vitu hivyo vilipoachana.

Mtindo anaoutaka una mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama vijana wengine wa kusini. Alifanya kazi za bustani na za ndani kwenye nyumba za watu, kisha akawa mhudumu Hospitali ya Muhimbili. Kuchora alianza kama mwaka 1968, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu. Turubai hakuwa nayo, wala rangi zile za kwenye vijitubu. Alichukua hadibodi, ile ya kupigilia darini, akaikata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, akachora kwa rangi ya mafuta wanayopakia baiskeli. Ule mng'ao unaoujua asili yake ni kopo la rangi ya baiskeli. Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo pale Morogoro Stores, Oysterbay. Vijana wachache aliowafundisha, wengi wao jamaa zake, ndio walioubeba mtindo baada ya msiba. Hao na waliowafuata hawakuishia kwa wanyama: walichora soko, mabasi yaliyofurika, foleni ya wagonjwa hospitalini, kila kilichokuwa mbele ya macho yao.

Kwa hiyo mkuu wako hajakosea anaposema Tingatinga ni utamaduni wetu. Ni wetu kweli, na uniwie radhi nikisema kwa uchungu kwamba tumeugeuza kuwa pambo la hoteli. Tingatinga alikuwa mtu asiye na kitu, akatazama kilicho karibu, akakichora kwa kilichopo. Anayetaka kumfuata afuate hapo. Ukimwambia mtoto wa Tanga ambaye hajawahi kumwona twiga anakili twiga wa kalenda, umemfundisha mkono na kulifumba jicho. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, aliwakataza vijana kunakili. Alisema kunakili humlaza Mungu usingizi. Sentensi hiyo niliiandika kwa chaki juu ya ubao wa kila darasa nililofundisha, na kila mhula mpya niliikuta imefutwa, nikaiandika tena.

Sasa njoo kwenye kanga. Nakwambia kanga kwa sababu ndiyo itakayokuokoa na ukuta wako, na nitakueleza jinsi gani.

Watu wa pwani wameijua kanga tangu nusu ya pili ya karne ya 19, ilipoanza kwa kuunganisha leso, vitambaa vya mraba, vikawa nguo moja. Unguja, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo mwanamke mtumwa alijulikana kwa alichovaa: merikani isiyo na rangi, au kaniki iliyochovywa bluu nzito hadi ikawa karibu nyeusi. Nguo ilisema huyu ni wa fulani. Wanawake wale walipopata uhuru walizivua nguo hizo na wakajifunga kanga zenye rangi na maua. Hebu fikiria siku hiyo. Mtu aliyekuwa hata rangi ya nguo yake anapangiwa, anaingia dukani na kusema: nataka ile. Hakuna aliyeandika risala, hakuna aliyebeba bango, na bado kila aliyempita barabarani alielewa kilichobadilika. Leo tunaifunga kanga kwenye sherehe za shule na kuiita vazi la asili, tukasahau kwamba iliwahi kuvaliwa na watu waliokuwa wanadai kuhesabiwa kuwa watu.

Baadaye likaja jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi zetu za Kilatini. Hapo kanga ikapata mdomo. Baba yangu alipofariki, wazee wa ukoo walikuja nyumbani kuzungumzia shamba la mikorosho. Mama hakuwa na nafasi ya kusema kwenye kikao kile. Kazi yake ilikuwa kuleta chai. Akaingia na sinia, akamimina kikombe baada ya kikombe, taratibu, hakumruka mtu. Halafu akageuka kurudi jikoni, na mgongoni mwake, usawa wa macho ya watu waliokaa mkekani, likasomeka jina la kanga: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Nilikuwa na miaka 11, nimekaa kizingitini. Nilimwona mzee mmoja anasoma kwa midomo, herufi kwa herufi, kisha anaweka kikombe chini. Shamba lilibaki kwetu. Sidai kwamba kanga ndiyo iliyolibakiza, maana mjomba naye alizungumza, tena kwa nguvu. Lakini ukiniuliza nilianza lini kuwa mwalimu wa sanaa, nitakwambia ni pale kizingitini.

Na si kanga peke yake. Siti binti Saad, aliyetoka kijijini Unguja akauza vyungu kwa miguu kabla ya kufika Bombay kurekodi sauti yake mwaka 1928, aliimba kisa cha mwanamke wa Dar es Salaam aliyekwenda kutembea Unguja akauawa. Muuaji alitoroka, mahakama ikawafunga wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Watu waliisikia hukumu ile ikihukumiwa upya kwa taarabu. Kwetu kusini, vinyago vya midimu vinavyotoka kucheza watoto wanapotoka jandoni na unyagoni vimekuwa vikimdhihaki mkubwa hadharani, naye hawezi kukasirika, maana kinyago hakina jina. Kule Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akiifafanua kwa Kiswahili cha Katanga, na familia za wafanyakazi wa migodini zilikuwa zikitundika sebuleni picha za askari anayemchapa mfungwa kiboko huku afisa wa Kibelgiji akitazama. Sebuleni, mahali wengine wanaweka picha ya harusi. Watu hao hawakumwomba mtu ruhusa ya kukumbuka.

Nimeyasema haya ili ukienda ofisini kwa mkuu usiende kama mtu anayeleta jambo geni. Kigeni ni ukimya, mwanangu.

Sasa mikoko yenyewe. Wanafunzi wako wamechagua vizuri kuliko wanavyojua. Wapeleke Pangani, au popote penye nyumba ya mawe ya zamani ambayo dari yake haijaanguka, uwaambie wapime chumba. Watakuta ni kirefu na chembamba. Si kwamba wazee hawakupenda nafasi. Dari imelala juu ya boriti za mkoko, na boriti nzuri haivuki sana mita tatu, basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Ni hivyo hivyo Lamu, ni hivyo hivyo Mji Mkongwe, na ni hivyo hivyo kule Ghuba ambako majahazi yalipeleka boriti kutoka Lamu na Rufiji miaka nenda miaka rudi. Mti wa matopeni ndio ulioamua mtu wa Maskati atalala kwenye chumba cha upana gani. Nikikumbuka hilo mwili hunisisimka hadi leo.

Halafu majina. Mtoto wa mjini anasema mikoko basi. Watoto wako waulize bibi zao: kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama juu ya maji kama miguu, kuna mchu, ambao mizizi yake inachomoza matopeni kama vidole, kuna mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Gome la mkandaa linatoa rangi ya kahawia nyekundu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama ganda refu la kijani, ikianguka inajichoma matopeni na imeshapanda. Hata ulimi wetu umetoka huko: jambo likianza kunoga tunasema mkoko ndio kwanza unaalika maua. Sasa nani wa kumwambia mwenzake kwamba huu si utamaduni? Twiga hajawahi kukanyaga hori lenu. Boriti huenda imebeba dari ya babu yake mkuu wa shule.

Mwambie hivyo, lakini kwa adabu, na usimwambie mbele ya walimu wengine.

Hapa sasa naomba uende polepole, kwenye habari ya wazazi. Michoro mingi ya mazingira nimeiona, na mingi inaniudhi. Mtu mwenye shoka anachorwa na macho mekundu na meno nje, mti unalia machozi, pembeni kuna dunia iliyoshikwa na mikono miwili. Mtoto ambaye baba yake alfajiri ya leo ameingia horini kukata, akanunua daftari kwa hela hiyo, atauangalia mchoro huo kila siku kwa miaka miwili. Umemfundisha nini? Umemfundisha kumwonea aibu baba yake, na wa kwanza kuuchukia mchoro atakuwa yeye.

Kwa hiyo kabla brashi haijaguswa, wape kazi ya kuufuata mti. Ukikatwa unakwenda wapi? Kuna unaokuwa kuni za tanuri la chokaa. Kuna unaokuwa mkaa. Kuna sehemu inafyekwa yote kupisha mashamba ya chumvi, na hapo mti wenyewe hauna hata mnunuzi, unachomwa. Kuna boriti inayopandishwa gari usiku. Kuna fundi jahazi anayetafuta mti uliopinda wenyewe, upate kuwa taruma, yaani ubavu wa chombo, na huyo anachukua mmoja anaacha 20. Mikoko ni msitu wa hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuikata kunahitaji kibali. Waulize wanafunzi wakatafute nani anacho na nani hana. Wamhoji mama anayeuza kaa. Wamhoji mkataji mwenyewe, na akikubali, wamchore mikono. Nasema mikono, si uso. Mikono ya mtu anayefanya kazi matopeni ina habari nyingi, na hakuna hakimu atakayeisoma.

Kwa nini nasisitiza uso? Kwa sababu niliwahi kukosea, na aliyelipa si mimi.

Ilikuwa shule ya bweni, sitaitaja. Vyoo vya wasichana havikuwa na maji. Wasichana walikuwa wakibeba ndoo kutoka kisima cha mbali, na siku zao zikifika wengine walibaki bwenini, hawaji darasani. Kidato cha pili wakaomba wachore jambo hilo nyuma ya bwalo. Nilifurahi sana, nikawaachia. Msichana mmoja alichora ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyopasuka ubavuni, ufa umeshonwa kwa waya na kuzibwa na lami, mpini umekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya katani. Alichora mpaka tone moja linalotoka pembeni ya lami. Kwenye maisha yangu yote ya ualimu sijaona mchoro uliosema kweli kuliko ndoo ile. Mwingine, jioni, akaongeza juu yake sura ya kiongozi mmoja wa shule, tumbo kubwa, bilauri ya maji mkononi. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kesho yake saa moja asubuhi ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa. Aliyechora sura alirudishwa nyumbani wiki tatu, kwa barua iliyosema utovu wa nidhamu. Nilikwenda kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya darasa langu na mimi ndiye niliyeruhusu. Nikaambiwa nirudi darasani. Aliporudi hakuchukua tena somo la sanaa. Ndoo nayo ilifutwa pamoja na tumbo. Ndilo linaloniuma hadi leo: ndoo ingeweza kubaki. Mtu yeyote angesimama mbele ya ndoo ile na asingekuwa na la kubisha, maana kila mtu aliijua. Uso ulimpa mtu sababu ya kukasirika badala ya sababu ya kutazama.

Kuna wakati na mahali pa kuchora uso. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walichora kwenye kuta za katikati ya Nairobi tumbusi aliyevaa suti, wakimaanisha wanasiasa wanaowala wananchi, na mji mzima ukaongea. Nawaheshimu sana. Lakini wale ni watu wazima, walijua wanachoingia, na jina lililokuwa hatarini ni lao. Wewe una watoto wa miaka 16 waliokabidhiwa kwako na wazazi. Kanuni yangu tangu siku ile ya chokaa ni moja: kama kuna la kulipa, jina la mwalimu litangulie. Omba ruhusa kwa maandishi, weka sahihi yako, weka rasimu ya mchoro nyuma ya barua. Wengine wataona huo ni uoga. Waache.

Rasimu yenyewe ndiyo hii niliyokuahidi. Uchukulie ukuta wako kama kanga moja kubwa.

Unajua kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina. Ukuta unaotazama barabara karibu kila mara una umbo hilo hilo, mrefu kuliko kimo chake. Pindo lichorwe kwa mbegu za mkoko zinazoning'inia, moja baada ya nyingine, kama korosho na maembe yanavyojirudia kwenye kanga halisi. Hapo hata mwanafunzi asiyejiamini anapata kazi, maana umbo ni lile lile na mkono unazoea. Mji uwe hori lenyewe, lilivyo leo, upande mzima na upande uliofyekwa, bila machozi wala moshi wa kuongezea. Kwenye pembe nne weka kazi nne: mikono ya fundi jahazi, mikono ya mama wa kaa, mikono ya mkataji, mikono ya mvuna chumvi. Rangi ziwe zile nzito zinazong'aa, na mistari ifungwe kama Tingatinga alivyofunga; mkuu akipita ataona alichokiomba kipo, na kipo kweli, hujamdanganya.

Jina waachie wanafunzi. Usiwasaidie. Wakusanye maneno kwa bibi zao, wakatae 10, wagombane, wapige kura. Kanga nzuri haisemi jambo lote; inaacha anayesoma amalizie mwenyewe. "Tutunze mazingira yetu" si jina la kanga, ni tangazo la ofisi, na likitokea kwenye orodha lifute bila huruma. Nakumbuka darasa moja Dar es Salaam tulipofanya zoezi hili kwa karatasi. Nilileta doti ya kanga, nikaziba jina kwa mkono, nikawaambia wakisie linasemaje kwa kuangalia pindo na mji peke yake. Walikisia dakika 20 nzima, na walipoona jina lenyewe nusu yao walisema yao yalikuwa bora. Na kweli yalikuwa bora.

Akija mtu wa mradi kutoka mjini na makopo ya rangi, akasema atalipia kila kitu ilimradi nembo yake ikae katikati na ujumbe auandike yeye, mshukuru na mkatalie. Rangi pokea kama inakuja bila masharti. Nimeona kuta nyingi za namna hiyo, zote zina sura moja kutoka Mtwara hadi Mwanza, na hakuna mtoto anayezikumbuka.

Kwa ufundi: plasta mpya iache ikauke wiki nne kamili. Pwani ukuta hutoa unga mweupe wa chumvi. Usiuoshe kwa maji, usugue kwa brashi kavu, usubiri, usugue tena, ndipo upake rangi ya kwanza. Kwenye eneo kubwa tumia rangi ya maji ya nje, na ile ya mafuta iache kwa mistari na mbegu za pindo, zing'ae. Gawa rasimu kwa vijisanduku na uihamishie ukutani kwa uzi uliopakwa chaki. Wasichana wasiachiwe kuosha brashi wakati wavulana wanapanda ngazi. Hilo huwa linatokea lenyewe usipoliangalia. Mkuu akibaki na hamu ya twiga, ukuta wa ndani upo, na kidato cha kwanza watamchora kwa furaha. Na akiukataa kabisa ukuta wa mikoko, shona shuka nne za merikani ziwe moja, uchore kanga hiyo hiyo kwenye kitambaa. Kitambaa kinatandikwa siku ya wazazi, kinakunjwa, kinahamia kwa mwenyekiti wa kijiji, na hakuna chokaa inayokifikia.

Sasa shoka. Mwambie huyo msichana hapana, mchoro hautazuia shoka. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mikoko itaendelea kukatwa wakati rangi yenu haijakauka, na anastahili kuambiwa hivyo na mtu mzima.

Kisha mweleze nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kulipeleka darasa Kunduchi, kwenye mikoko iliyobaki. Kulikuwa na kijana mmoja msumbufu, kila mara anatafuta sababu ya kutoka nje. Nilimpa kipande cha mkaa na karatasi, nikamwambia achore mzizi mmoja tu, asiondoke mpaka niite. Dakika 10 za kwanza alichora kitu kama uma. Akafuta kwa kidole. Akakaa chini kwenye matope na sare yake. Nilipoita alikuwa amejaza karatasi kwa mzizi uliogawanyika mara tatu, chaza wamegandama usawa mmoja kama mstari wa maji, na kwenye mstari huo alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: hapa ndipo bahari inafika. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona upande ule chaza wako chini zaidi?" Mimi sikuwa nimeliona. Tukaenda kutazama, tukakuta upande ule umemwagiwa kifusi na maji hayapiti kama zamani. Hakuna semina iliyomwambia. Jicho lake ndilo lililouliza.

Shoka lina mpini, mpini una mkono, na kijiji kizima kinajua ni mkono wa nani. Watoto wa mikono hiyo wamo darasani kwako. Miaka michache ijayo wao ndio watakaotumwa horini, au watakaokaa kwenye kikao cha kijiji kibali kikijadiliwa, au watakaonunua boriti. Mtoto aliyechora mzizi mmoja kwa dakika 40 hatauona tena kama kuni, hata akiukata.

Kwa hiyo usianze na ukuta. Tazama mwezi; siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na hori hubaki wazi asubuhi. Omba vipindi viwili vilivyofuatana. Kila mwanafunzi awe na karatasi moja, ubao wa kuegemea na mkaa uliopoa, na kila mmoja achague mzizi wake. Wasiongee. Wewe pia chora, wakuone unachora. Na mbebe ndoo mbili za maji ya kunawia miguu, maana matope ya mikoko yakikaukia kwenye viatu, wazazi hawatawaruhusu kuja mara ya pili.